Binti yangu wa Gredi ya 10 hataki kurudi bodingi, na ripoti nimemficha baba yake

Assalamu alaikum dada mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Langoni hapa Amu (Lamu). Kazi yangu ni kushona kofia za vito. Baba watoto ni nahodha, anavusha watu kwa boti kwenda na kurudi Mokowe. Nakuandikia kwa ajili ya binti yangu wa pili, ana miaka 15, na tangu wiki mbili hizi usingizi umenipaa.

Huyu mtoto tangu udogo wake hakunipa taabu. Chuoni alikhitimu msahafu akiwa na miaka 10, na kasida za Maulidi yeye ndiye aliyekuwa akianzisha, wenzake wakimwitikia. Shuleni, sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, darasa lao lilikuwa na wanafunzi 22, walimu wanamjua hata kwa sauti ya viatu. Mwaka jana kwenye KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, alipata pointi 58 kati ya 72. Mwalimu wake akatuambia mtoto kama huyu asipotezwe, aingie mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Tukachagua STEM. Akaitwa shule ya bodingi ya wasichana upande wa Malindi. Siku majibu yalipotoka baba yake alinunua mbuzi, majirani walijaa dakani kutupa hongera.

Januari baba yake alimvusha mwenyewe mpaka Mokowe, mimi nikapanda basi naye. Pale getini hakulia. Niliyelia ni mimi, njia nzima mpaka Garsen.

Kila Jumapili hutupigia kwa simu ya matroni, dakika tano. "Uko sawa?" "Niko sawa, mama." Basi nami nikashukuru. Ramadhani ilimkuta shuleni. Alipokuja mapumziko ya katikati ya muhula ilikuwa mfungo, nikampikia kila anachokipenda, hata mkate wa mofa niliagiza. Akafungua kwa tende na maji, akaenda kulala. Nikasema ni saumu na safari. Idi akaila kule kule. Ndiyo Idi yake ya kwanza nje ya nyumba.

Sasa muhula umefungwa amerudi, na amerudi na kila kitu: sanduku, ndoo, godoro limefungwa kamba. Kilichobaki ni leso moja tu, ile ya zambarau niliyomnunulia safari, anasema kamwachia msichana anayelala kitanda cha juu. Usiku akanipa ripoti. Hisabati inavutika, lakini Kemia na Fizikia zote BE, yaani chini ya matarajio. Huyu ambaye hajapata kuwa wa pili. Nikamwuliza kulikoni mwanangu, akaniambia, "Mama, mimi kule si mtu." Akalia mpaka kifua kikambana. Anataka asome shule ya kutwa hapa hapa Amu, alale nyumbani. Akaniapisha nisimwonyeshe baba yake ripoti. Nikaapa. Nimeiweka chini ya mashono yangu ya kofia, na kila jioni baba yake akiuliza ripoti iko wapi, nasema shule bado haijatoa.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini najua atakavyosema, maana ameshayasema kwa mtoto wetu wa kwanza, mvulana. Yule naye alilia bodingi miezi miwili ya Fomu 1, baba akakataa katakata kumtoa, akatulia, na leo yuko chuo cha ufundi. Neno lake ni kwamba nahodha hateremshi tanga kwa wimbi la kwanza.

Na mimi nina langu ambalo sijamwambia mtu. Mwaka 1998 nilipelekwa Fomu 1 Mombasa. Wakati ule njia ya Garsen ilikuwa na mashifta, mabasi yakisindikizwa na askari. Nikaandika barua nyumbani kila wiki, nalia. Muhula haujaisha mama akanifuata. Nilifurahi kama mtu aliyetolewa kifungoni. Ikasemwa nitatafutiwa shule nyingine karibu. Mwaka ukapita, hakuna aliyelitaja tena, na nilipofika 18 nikaolewa. Ndoa yangu siijutii. Lakini nikimwona mwanamke wa rika langu ameshika kalamu ofisini, kitu hunichoma hapa. Mama ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumwuliza.

Kwa hiyo nikimrudisha mtoto naogopa nitamvunja, na nikimtoa naogopa nitamfanya kama mimi. Mashoga zangu wanasema ni kijicho cha watu walioona pointi zake, nimfanyie kisomo. Ndugu tunao Malindi, wifi yangu anakaa Shella ya kule, lakini kwa maneno yaliyopita arusini mwaka juzi hatusemezani, kwa hivyo huko sikufikiria. Shule zinafunguliwa mwisho wa Aprili. Nifanyeje?

Mama Kofia, Langoni


Wa alaikumu salaam, Mama Kofia.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisoma polepole, maana ndani yake kuna watoto wawili wanaolia bodingi. Mmoja yuko chumbani mwako hivi sasa. Wa pili yuko Mombasa, mwaka 1998, anaandika barua kila wiki. Nahisi ukimtazama mmoja unamwona mwenzake, na hapo ndipo usingizi unapokupaa.

Nilivyokuelewa ni hivi. Binti aliyekuwa kinara amehamia shule kubwa, alama zimeporomoka, anataka kurudi. Baba hajui kitu kwa sababu umeapa. Wewe umesimama katikati, na kalenda haikungoji. Unaniuliza nimrudishe au nimtoe. Nitafika huko, ila kwanza niruhusu nikae kidogo na lile neno lake, "kule si mtu."

Hakusema masomo ni magumu, wala hakusema chakula kibaya. Amesema si mtu. Huku Amu alikuwa mtu. Akipita barabarani anajulikana ni binti wa nahodha fulani, ndiye yule wa kasida, ndiye yule wa pointi 58. Darasa la watu 22 mwalimu huona jicho la mtoto likipotea, akasimama, akarudia. Shule ya bodingi anaingia darasa lenye watoto wengi zaidi, kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, na mwalimu hajui hata jina la babake. Heshima iliyomchukua miaka tisa kuijenga ilibaki Mokowe gatini siku alipopanda basi. Hilo humtikisa hata mtu mzima, seuze mtoto wa miaka 15.

Tena kuna jambo moja kuhusu kizazi chake ambalo wazazi wengi hatulioni. Hebu tuhesabu njia aliyopita. Mtaala mpya ulipoanza nchi nzima mwaka 2019, wao walikuwa Gredi ya 3. Mwaka 2020 wako Gredi ya 4, korona ikafunga shule Machi, na Oktoba zilipofunguliwa wakaitwa wao pamoja na darasa la nane na Fomu 4, wengine wote wamebaki nyumbani. Mwaka 2022 wakafanya KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, wa kwanza kuifanya. Januari 2023 wakaingia Gredi ya 7, wa kwanza, na serikali ikaamua wabaki ndani ya shule zile zile za msingi. Mwaka jana KJSEA, wa kwanza. Na mwaka huu wa 2026 ndio wa kwanza kuingia Gredi ya 10. Kila mlango waliukuta haujafunguliwa na mtu.

Sasa tazama bwenini kwake. Waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, mwaka 2023, mwaka huu wako Fomu 3. Baada yao hakuna aliyeingia sekondari mpaka hawa wa Gredi ya 10. Yaani shuleni kwake mwaka huu hakuna Fomu 2. Sisi tulipoingia Fomu 1 tulikuta wasichana wa Fomu 2 waliotucheka viatu vyetu, ni kweli, lakini hao hao ndio waliotuazima daftari zao za mwaka uliopita, wakatuambia mwalimu gani ukali wake ni wa mdomo tu, na ndoo uifiche wapi. Mwanao hakumkuta dada wa namna hiyo. Aliowakuta wamemzidi miaka, na mtaala wao ni mwingine kabisa. Daftari zao hazimfai.

Nayasema haya kwa sababu ya mtoto wako wa kwanza. Baba yake anapompima binti kwa kipimo cha kaka yake, anapima bahari mbili tofauti. Yule kijana alilia miezi miwili, sawa, lakini alilia akiwa na watu waliopita njia ile ile mwaka mmoja mbele yake. Sisemi binti hawezi kutulia kama kaka yake alivyotulia. Huenda akaweza. Nasema tu kwamba kutulia kwa mvulana hakutuambii mengi kuhusu yeye.

Na hizo BE za Kemia na Fizikia, usizisome kama hukumu ya akili yake. Sekondari msingi walisoma sayansi moja iliyounganishwa. Gredi ya 10 imepasuka vipande vitatu, Bayolojia, Kemia na Fizikia, kila kimoja na mwalimu wake na kasi yake. Mtoto aliyetoka shule yenye maabara na mtoto ambaye labda hakuwahi kushika chupa ya asidi wanakaa dawati moja, na mwalimu anaanza hapo hapo. Ripoti ya muhula wa kwanza mara nyingi hupima umbali mtoto alikotoka. Atakwenda wapi, haisemi. Lakini nisikupe matumaini ya bure pia: pengo la Kemia halijizibi lenyewe kwa kuwa mtoto ana akili. Abaki ama ahame, litahitaji mtu wa kukaa naye. Likizo hii bado ina siku. Mtaani kwenu hakosi kijana aliyemaliza Fomu 4 na anaijua Kemia. Saa moja kila siku baada ya Alasiri, wewe ukishona pembeni, si haba.

Kabla hatujaenda mbali, kuna maswali ambayo lazima yaulizwe, na yaulizwe na wewe, mkiwa wawili, taa imepunguzwa. Kuna mtu anayemtisha? Kuna anayemchapa, kumnyang'anya vitu, kumtumikisha usiku? Kuna mtu mzima yeyote aliyemgusa au kumsemesha vibaya? Anakula? Analala? Amewahi kutamani asiwepo? Usiulize yote kwa pumzi moja. Uliza moja, nyamaza, endelea kushona. Likitoka jibu la kutisha, basi mazungumzo yote ya rudi au hama yanasimama, na kinachofuata ni usalama wake: wewe na baba yake mnafika kwa mwalimu mkuu, na kama huko hamsikilizwi, ofisi ya watoto ipo, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Natumaini hakuna hata moja la haya. Lakini mtoto anayejibu "niko sawa" kila Jumapili kwa miezi mitatu ana uwezo wa kuficha, umeshauona.

Na hiyo simu ya Jumapili. Matroni amesimama pale pale, nyuma kuna foleni ya wenzake. Ukimwuliza uko sawa, ajibu nini? Mwulize jana mlipokula alikaa na nani. Mwulize mwalimu yupi amemwita kwa jina. Dakika tano hizo hizo zitakuambia mengi zaidi.

Sasa nije kwenye mwaka 1998, uniwie radhi nikigusa panapouma. Umeandika kwamba unaogopa kumtoa kwa sababu ulitolewa. Mimi nilipoisoma hadithi yako, sikusimama pale mama yako alipopanda basi kukufuata. Njia ya mashifta ile, mwanamke peke yake, kamfuata mwanawe! Huo ulikuwa upendo, na nadhani unajua. Niliposimama ni pale uliposema "ikasemwa nitatafutiwa shule nyingine." Nani alisema? Nani alikwenda kuitafuta? Wewe uliulizwa? Huenda kilichokuchoma miaka yote hii ni ule mwaka wa kimya, shule ikapotea bila mtu kutamka kwamba imepotea. Kama ni hivyo, basi kumtoa binti na kumfanya kama wewe si lazima viwe kitu kimoja, na vilevile kumwacha bodingi hakumkingi na kimya cha aina hiyo. Msichana anaweza kukaa bodingi miaka mitatu na asisikilizwe hata siku moja.

Je, yeye anaijua hadithi hii? Nina shaka hajui. Kumsimulia kuna faida na kuna hatari. Faida ni kwamba ataona mama yake naye aliwahi kuwa "si mtu" mahali fulani. Hatari ni kwamba atadhani unamwambia, kwa njia ya mzunguko, abaki ili akulipie deni lako. Ukiamua kumsimulia, msimulie mpaka mwisho, na umwambie wazi kwamba hilo ni lako na halimlazimishi.

Baba yake. Umesema si mtu mbaya, nami nakuamini, maana mtu mbaya hanunui mbuzi kwa sababu ya pointi za binti. Kila jioni anauliza ripoti iko wapi. Nimejiuliza kama anauliza kwa ukali au kwa hamu. Na hilo la tanga na wimbi la kwanza, nahodha huyo huyo kusi likichafuka hulazimika kukaa gatini kungoja bahari itulie, na hakuna anayemwita mwoga. Huenda ana lugha ya kulielewa jambo hili kuliko unavyomdhania. Huenda pia hana, na atasema neno la kumkata mtoto. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kiapo ni kiapo, na mtoto aliyekuamini ukimgeuka kimya kimya hatakupa ripoti ya pili. Lakini pia ripoti chini ya mashono haitakaa milele, na siku baba akiigundua mwenyewe, hasira yake itakuwa juu ya wawili nyinyi na mtoto ndiye atakayebeba. Ningekuwa karibu yako ningekushauri urudi kwa binti, umwombe akufungue. Mwambie hivi: nimeapa na sitavunja, ila jambo hili ni zito kwangu peke yangu, je, tukimwambia pamoja, mimi nimekaa upande wako? Huenda akakataa mara ya kwanza. Mpe siku mbili. Huenda akataka kuanza na lile neno lake, ripoti ifuate nyuma. Baba akisikia kwanza kwamba mwanawe anajiona si mtu, labda hizo BE atazisoma kwa jicho jingine.

Kuhusu kijicho, siwezi kukukataza kisomo. Dua ya mama kwa mwanawe haina hasara, na kukaa kitako na wanawake wenzake wakamsomea kunaweza hata kumtuliza, kwa sababu pale yeye ni mtu. Ninachoomba ni kwamba kisomo kisiwe ndiyo mwisho wa kumsikiliza.

Nikukumbushe kitu kingine, kidogo lakini kimenikaa. Umeandika "tukachagua STEM." Katika hiyo "tu" yeye alikuwemo? Mwalimu alipendekeza, nyinyi mkaridhia, yeye alitaka nini? Mikondo ni mitatu, ukiacha STEM kuna Sayansi ya Jamii, na kuna Sanaa na Sayansi ya Michezo, na katika yote mitatu Kiingereza, Kiswahili na Hisabati vinabaki. Mtoto anayeanzisha kasida akaitikiwa na mtaa mzima ana kipawa ambacho hakipimwi na Fizikia. Inawezekana anaipenda sayansi kwa moyo wake wote na amekwama tu. Inawezekana pia alibeba ndoto ya mwalimu. Kubadilisha masomo ndani ya shule ile ile ni njia ambayo hukuitaja, na mwalimu wa darasa anaweza kukuambia kama inawezekana. Hatari yake ni kwamba muhula mzima umeshapita, atayakuta masomo mapya yamemtangulia, na anaweza kubadilisha somo kumbe kinachomuuma ni upweke.

Shule ya kutwa Amu nayo ina mema yake, nisiidharau. Atalala nyumbani, ataendelea na chuo chake, atakutana na wenzake wa zamani, na huenda akawa mtu tena ndani ya wiki. Kuna wasichana wengi wanaonawiri hivyo. Lakini kabla hujafungua mdomo kumwahidi, tafuta ukweli wa mambo haya: nafasi ipo? Ule mchanganyiko wa masomo yake matatu unafundishwa hapo? Uhamisho hupita kwa walimu wakuu wa pande zote mbili na mfumo wa Wizara ya Elimu, kwa hiyo fika ofisi ya elimu ukaulize mapema, na uulize kama karo na basari iliyokwisha kulipwa inaweza kumfuata. Halafu jiulize kuhusu nyumba yako mwenyewe. Akirudi kutoka shuleni saa kumi na moja, kuna wadogo zake, kuna jiko, kuna maji ya kuteka. Atapata saa za kusoma kama alizokuwa nazo bodingi, au ataanza kuwa mikono yako ya pili bila mtu kukusudia? Na kuna fedheha ndogo ya wale waliokuja dakani kutoa hongera watakapouliza kwa nini amerudi. Majibu ya hapo mpatane mapema, nyote watatu, ili asijibu peke yake.

Akirudi Malindi, asirudi vile vile alivyokwenda mara ya kwanza. Kwenda naye siku moja kabla, kukaa na mwalimu wa darasa, kumwambia mwalimu huyo kwamba huyu mtoto alikuwa hivi na sasa yuko hivi, kumwomba amtafutie hata kazi moja ndogo shuleni, msikitini, kwenye kwaya, maktaba, popote jina lake litakapotajwa. Kumwekea tarehe: tukifika mapumziko ya Juni tutakaa tena na kuamua, na neno lako litahesabiwa. Mtoto huvumilia mengi akijua yana mwisho. Hatari ni kwamba Juni ifike na hakuna aliyekaa naye. Hiyo itakuwa 1998 nyingine, sura tofauti.

Na hapa ndipo ninaporudi kwa wifi yako, ambaye umempitia kwa sentensi moja kama mtu anayepita mbele ya mlango wa adui. Mwanao amekaa miezi mitatu Malindi, na shangazi yake wa damu yuko Shella, mwendo wa tuktuk. Idi ile aliyoila shuleni, harufu ya pilau ya shangazi yake ilikuwa karibu kuliko unavyotaka kukiri. Sijui yalipita maneno gani arusini na siulizi. Inawezekana yalikuwa mazito na huna kosa. Lakini ugomvi ni wako na wifi. Mtoto hana ugomvi na shangazi yake. Angekuwa na nyumba moja mjini ambako siku ya kutembelewa mtu hufika na chapati, ambako anaitwa kwa jina la babake, huenda "kule" kusingekuwa kugeni hivyo. Kumfuata wifi kuna gharama, utameza maneno, na unaweza kukataliwa. Labda baba yake, kwa kuwa wifi yako ni dada yake, ndiye wa kupiga simu hiyo. Lakini hawezi kuipiga kama hajui kuna tatizo, na hapo tunarudi tena kwenye ripoti iliyo chini ya mashono.

Sitakuambia abaki au ahame. Ningekuwa nakuchagulia maisha ya mtu nisiyewahi kumsikia sauti. Nakuomba tu uamuzi wowote utakaofanyika, yeye awe amekaa kwenye mkeka.

Na kuna ile leso. Umesema amerudi na godoro, ndoo, sanduku zima, ila leso ya zambarau amemwachia msichana wa kitanda cha juu. Ukaliandika kama jambo la kupita, kisha hukumtaja tena msichana huyo. Ni nani? Anatoka wapi? Mwanao alimwachia kwa sababu anarudi, au alimpa kwa sababu anaaga? Ukimaliza kusoma hapa, usianze na ripoti wala Kemia. Mwulize habari za huyo msichana.